Mtoto Anayesinzia Darasani

Mwezi huu tunaomba mfuatane nasi hadi shuleni. Mtoto akiletwa hospitali tunamwona kwa dakika kumi, au robo saa tukiwa na nafasi. Tena siku hiyo ameogeshwa, amevalishwa nguo ya sikukuu na macho yote yako kwenye sindano. Lakini mwalimu wa darasa la pili anamwona kila siku, tangu saa mbili asubuhi hadi adhuhuri. Anamwona akicheza, akiandika, akiomba ruhusa ya kwenda nje, na akilaza kichwa juu ya dawati. Kwa hiyo mwalimu aweza kuuona ugonjwa miezi mingi kabla yetu.

Shida ni kwamba mara nyingi anauona lakini anaupa jina jingine: uvivu, uzito wa kichwa, utoro. Huku wodini tunawapokea watoto ambao damu yao imepungua hadi nusu ya inayotakiwa, na mama anatueleza kwamba shuleni wamesema hana akili, na baba amekwisha kuamua aache masomo akasaidie shamba. Mtoto huyo akitibiwa hurudi darasani akiwa mwingine kabisa. Ila wapo ambao hawakufika kwetu, na uamuzi wa baba ukabaki hivyo hivyo. Ndiyo maana tunaandika.

MSTARINI ASUBUHI

Siku ya shule huku kwetu Tanga huanza na ufagio. Watoto huja na mifagio ya chelewa, wengine na dumu la maji kichwani. Uwanja unafagiliwa, maua yanamwagiliwa, kengele inalia, watu wanasimama mstarini. Mwalimu wa zamu anapita kukagua kucha, nywele, meno na sare. Ni desturi nzuri na tunaomba isiachwe. Chini ya kucha ndefu ndipo mayai ya minyoo yanapojificha yakisubiri muhogo wa saa nne.

Lakini katika ukaguzi huo mwalimu aweza kuongeza jambo dogo lisilogharimu kitu. Avute kidogo kope ya chini ya mtoto, aangalie rangi ya ndani, kisha aangalie viganja. Mtoto mwenye damu ya kutosha ana wekundu mahali hapo. Mwenye upungufu mkubwa wa damu kope yake ni nyeupe kama karatasi. Jicho peke yake haliwezi kukamata upungufu mdogo. Huo unahitaji kipimo. (Kwa mtoto wa miaka 5 hadi 11, tunahesabu kuwa damu imepungua ikiwa chini ya gramu 11.5 kwa desilita.) Hata hivyo, mtoto mweupe kabisa wa kope hahitaji mtaalamu kumtambua. Huyo aje hospitali siku hiyo hiyo, asingoje Jumatatu.

Na hapa tuseme neno moja juu ya mapunye. Mtoto mwenye mapunye kichwani hafukuzwi shule. Apelekwe zahanati apate dawa ya kumeza, maana dawa ya kupaka peke yake haifiki kwenye mizizi ya nywele, na aendelee kusoma. Wenzake wasibadilishane naye kofia, kitana au mtandio. Tumeona mtoto akikaa nyumbani muhula mzima kwa ajili ya mapunye, jambo ambalo halina maana.

KIPINDI CHA KWANZA

Sasa tumeingia darasani. Ni hesabu. Mwalimu anaandika ubaoni, na kwenye dawati la tatu, walipobanana watoto wanne, mmoja anasinzia. Kabla mwalimu hajaifikiria fimbo, na ajiulize mambo matatu.

La kwanza ni njaa. Watoto wengi hutoka nyumbani na kikombe cha chai ya rangi tu, wakatembea mwendo mrefu. Mtoto wa namna hii husinzia au hupata kizunguzungu kuanzia saa tatu, na baada ya kula huchangamka. Hilo linatambulika upesi.

La pili ni malaria. Wengi hudhani kuwa malaria ni homa tu. Watoto wa umri wa shule wanaokulia sehemu zenye mbu wengi, kama Muheza na mabonde ya Korogwe, huweza kutembea na vijidudu katika damu bila homa yoyote, huku damu ikipungua kidogo kidogo. Chandarua nyumbani huwekewa mtoto mchanga na mama yake, na huyu wa darasa la pili analala mkekani na kaka zake bila kitu. Naye anahitaji chandarua.

La tatu ni safura, na hapa tukae kidogo. Wazee wetu waliijua safura kabla ya kuona darubini. Walijua kwamba mtu wa safura amepauka, uso umemvimba, anahema akipanda kilima, na wakati mwingine anatamani kula udongo. Shuleni udongo huo huwa chaki. Mwalimu ukimwona mtoto anatafuna vipande vya chaki, usicheke wala usimwadhibu. Mwili wake huenda unalia kwa kukosa madini ya chuma.

Minyoo ya safura ni midogo, urefu wake ni kama sentimita moja. Mayai yake hutoka na kinyesi. Yakianguka kwenye udongo wenye kivuli na unyevu, na hasa mchanga wetu huu wa pwani, huanguliwa, na baada ya siku chache viluwiluwi huwa tayari kupenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Vikishapenya husafiri na damu hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa, na ndipo hufika utumbo mwembamba na kuuma ukuta wake. Kila mnyoo hunyonya kidogo sana, tuseme tone moja kwa siku. Lakini mtoto mwenye minyoo mia mbili hupoteza kama vijiko viwili vya chai vya damu kila siku, siku zote za mwaka. Chakula chake ni muhogo na chai, atairudisha damu hiyo kwa kitu gani?

Basi, dawa huua minyoo, ila damu hurudishwa na chakula. Kunde, choroko, dagaa, kisamvu, mchicha, na nyama au maini inapowezekana. Chai inywewe mbali na chakula, kwa sababu huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Badala yake mtoto ale chungwa au embe pamoja na kunde zake, maana matunda hayo husaidia madini hayo kuingia. Wasomaji wetu wa Muheza mnalima machungwa yanayojaza malori kwenda Dar es Salaam hadi Kenya. Tunaomba machache yabaki nyumbani.

«MWALIMU, NAOMBA KWENDA NJE»

Katika kila darasa yupo mtoto anayeomba kutoka mara nyingi. Walimu humchukulia kuwa ni mtundu anayekwepa somo, na baadhi huweka sheria kwamba hakuna kutoka hadi mapumziko. Tunaomba sheria hiyo iangaliwe upya. Mtoto anayekojoa mara kwa mara, kidogo kidogo, na kwa maumivu, huenda ana kichocho. Akiulizwa kwa upole atasema kwamba mwisho wa mkojo hutoka matone ya damu.

Kichocho cha mkojo kipo katika mkoa wetu tangu zamani. Mahali ni pale pale pa kila siku: mabwawa, vijito vinavyotiririka polepole, mifereji ya mashamba ya mpunga, madimbwi yanayobaki baada ya masika. Mtu mwenye kichocho akikojoa majini, mayai huanguliwa na vijidudu vyake huingia ndani ya konokono wadogo wa maji baridi. Baada ya wiki kadhaa konokono mmoja hutoa viluwiluwi kwa maelfu, hasa jua likiwa kali, yaani saa zile zile watoto wanapotoka shule na kujitosa kuoga. Kiluwiluwi hupenya ngozi kwa dakika chache na mtoto asijue, au ahisi mwasho tu. Minyoo ikikomaa hukaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu, na huweza kuishi humo miaka mitatu, mitano na zaidi, ikitaga mayai kila siku. Mayai hayo yana mwiba, na yanapopenya ukuta wa kibofu huchana. Damu ile ni ya michubuko hiyo.

Watoto wa ufukweni wanaoogelea baharini hawapati kichocho huko, kwa kuwa konokono hawa hawaishi katika maji ya chumvi. Lakini wengi wao wakitoka baharini huenda kujisuuza chumvi dimbwini.

Zipo sehemu ambako damu katika mkojo wa mvulana huonwa kuwa dalili ya kukua. Baba husema hata yeye alikojoa damu utotoni ikaacha. Ni kweli huacha kuonekana. Lakini mayai mengine hayakutoka. Yamebaki katika kuta za kibofu na mirija, yakafanya makovu, na baada ya miaka mingi mtu huletwa kwetu na figo zilizovimba, au na saratani ya kibofu. Tumewauguza watu wazima wa aina hiyo, na hatuna la kuwafanyia zaidi ya kupunguza maumivu.

Kwa wasichana tunasema kwa sauti ya chini lakini lazima tuseme. Mayai ya kichocho huweza kuingia katika njia ya uzazi na mlango wa kizazi. Msichana hupata vidonda, uchafu, au kutokwa damu, na akiwa mkubwa maumivu, hata kukosa mtoto. Vidonda hivyo pia huweza kurahisisha njia ya virusi vya UKIMWI. Mama akiona hali hiyo kwa binti wa darasa la tano, wazo la kwanza huwa ni baya na matusi hufuata. Mama, tunakusihi, mlete kwanza. Utuambie anachota maji wapi na anafua wapi.

Na akili? Watafiti waliowapima watoto wa shule huko Bagamoyo, jirani zetu wa kusini, walichapisha mwaka 2002 kwamba wale wenye kichocho kizito walikuwa wazito wa kukumbuka mambo ya muda mfupi na wa kuitikia jambo kuliko wenzao. Huyo ndiye mtoto ambaye mwalimu anamwuliza saba mara sita na anatazama dari.

Mwalimu aweza kufanya nini? Kuuliza. Huko Kilosa, mwishoni mwa miaka ya 1980, karatasi za maswali zilipelekwa mashuleni, watoto wakaulizwa kama wanakojoa damu, kisha walimu wenyewe wakapima mkojo kwa vipande vya karatasi vinavyobadilika rangi kukiwa na damu. Ilionekana kwamba kwa njia hiyo rahisi shule zenye kichocho kingi zinatambulika vizuri. Mtoto wa shule husema kweli akiulizwa bila kutishwa. Ila asiulizwe mbele ya darasa zima, maana wenzake watamwita jina hilo hadi amalize la saba.

SAA NNE

Kengele ya mapumziko. Mlangoni pa shule wamekaa akina mama na mihogo ya kukaanga, kachori, embe bichi zenye pilipili, ubuyu na barafu za vifuko. Hatuwalaumu, wengi wa watoto hawana kingine hadi jioni. Tunaomba vyakula vifunikwe, na barafu zitengenezwe kwa maji yaliyochemshwa. Wazazi wanaochangia uji wa shule wanafanya kazi kubwa kuliko wanavyofikiri. Uji ukitiwa karanga kidogo ni bora zaidi.

Halafu choo. Kipimo cha taifa ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Kila mmoja wetu aijuaye shule ya kijiji chake na ahesabu. Tangu ada ilipofutwa, na tena tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, watoto wameongezeka sana, nayo ni heri, lakini matundu hayakuongezeka kwa mwendo ule ule. Foleni ikiwa ndefu watoto hukimbilia migombani nyuma ya darasa, bila viatu, na hapo ndipo minyoo ya safura inapozungusha biashara yake. Kamati ya shule ikipanga fedha, tundirisha lingoje, choo kianze. Na dumu la maji lenye tundu na kijiti, pamoja na kipande cha sabuni, viwe mlangoni pa choo. Vikiwekwa ofisini kwa mwalimu mkuu havinawishi mtu.

UBAO

Tumalize masomo ya siku. Mtoto anayekunja uso akitazama ubaoni, anayenakili kwa jirani, au anayesogeza daftari hadi puani, macho yake yapimwe. Asiyejibu akiitwa kutoka nyuma, au mwenye sikio linalotoa usaha, hasikii vizuri. Sikio hilo likaushwe kwa kitambaa safi kilichosokotwa, lisitiwe mafuta wala maziwa, na aletwe. Wakati wa kusubiri matibabu wote hawa wakalishwe dawati la mbele. Mara nyingi tumeona nyuma ndiko wanakokalishwa, kwa kuwa wanaonekana hawaelewi.

SIKU YA DAWA

Kugawa dawa shuleni si jambo geni Tanga. Katika miaka ya 1990 mpango wa UKUMTA, yaani Ushirikiano wa Kumwendeleza Mtoto Tanzania, ulifanya kazi katika mkoa wetu, na walimu walifundishwa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo na za kichocho. Utafiti wa Tanga ulionyesha kwamba dawa hizo zilisaidia wingi wa damu wa watoto. Siku hizi kampeni za namna hiyo ziko chini ya serikali, na dawa ni bure.

Kuna mabingwa wa nchi za nje wanaobishana kama dawa ya minyoo huongeza alama za mtihani. Wabishane. Sisi tunajua kwamba mtoto asiyenyonywa damu ana damu zaidi.

Dawa ya minyoo, albendazo, ni kidonge kimoja cha miligramu 400 cha kutafuna. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, hutegemea uzito, lakini kwa kuwa shule nyingi hazina mizani, mtoto husimamishwa kwenye fimbo ndefu yenye alama. Wa sentimita 94 hadi 110 hupata kidonge kimoja, mrefu zaidi huongezewa nusu nusu, na mkubwa wa darasa la saba aweza kufikia vitatu. Mwalimu asikadirie kwa darasa. Darasa moja lina watoto wa vimo vyote.

Dawa hii inywewe baada ya kula. Tunarudia: baada ya kula. Mwaka 2008 huko Morogoro baadhi ya watoto walijisikia vibaya baada ya dawa ya kichocho shuleni, uvumi ukaenea kwamba watoto wanakufa, wazazi wakakimbilia mashuleni kwa hasira na fujo ikazuka. Kichefuchefu, tumbo kuuma na kizunguzungu kwa saa chache ni mambo ya kawaida ya dawa hii, na huwa makali zaidi kwa mtoto mwenye njaa, na pia kwa mwenye minyoo mingi, kwa kuwa inakufa kwa pamoja. Haya wazazi waambiwe siku kadhaa kabla, katika mkutano, kwa lugha ya kueleweka, na uji upikwe asubuhi hiyo. Mzazi anayeuliza maswali asiitwe mkorofi. Anauliza juu ya mwanawe.

Mtoto mwenye homa siku hiyo, au mwenye kifafa, asipewe shuleni bali aletwe hospitali. Mdogo anayelia asishikwe pua na kulazimishwa, aweza kupaliwa. Naye aliyekuwa mtoro siku ya dawa mara nyingi ndiye mgonjwa mwenyewe, basi mwalimu ashike daftari la mahudhurio na kumtafuta. Wasisahauliwe pia wadogo wasioanza shule, wanaobebwa na mama kwenda kufua mtoni. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba mahali penye kichocho tiba ianze kwa watoto wa miaka miwili. Hawa waulizieni kliniki.

Dawa haimkingi mtoto na maji ya kesho. Akirudi bwawani huambukizwa tena, na ndiyo sababu dawa hurudiwa. Maji ya kuoga yakichotwa na kuachwa kwenye chombo siku mbili, viluwiluwi hufa vyenyewe.

Mwisho, kwa mzazi atakayemleta mtoto kupima kichocho: usikimbilie kumleta na mkojo wa alfajiri. Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mwache aruke kamba au akimbie kidogo kwanza, kisha akojoe katika kichupa kisafi chenye mdomo mpana. Matone ya mwisho yasimwagwe, hayo ndiyo tunayoyahitaji zaidi. Funika, usiache juani, na ufike maabara kabla ya saa mbili kupita.